Chai Bila Sukari Yamuumbua Nadira

Ehe, mlango ulifunguka, si ndiyo? Tulimwacha Nadira mguu mmoja ndani, mmoja nje, faili kifuani, tabasamu la kuombea kazi limemganda usoni. Na nyuma ya ile meza ya intavyu, katikati ya wanaume wawili, alikuwa ameketi nani?

Mamake!

Si mtu wa kufanana naye. Ni Mama Mwanatatu mwenyewe, wa Timbwani, Likoni, na buibui lake na miwani yake ya kamba. Yule yule aliyempigia jana akaambiwa, "Niko ofisini Nairobi, mama, nna kazi nyingi."

Nairobi! Na hapa ni Changamwe, Mombasa.

Kama wiki jana gazeti lilifungiwa maandazi hukuliona, shika haya mawili matatu. Nadira ana miaka ishirini na saba. Miaka minne sasa yuko Kilele Kapitali, benki ya uwekezaji. Si benki ya kupanga foleni ukatoe pesa. Hii ni ile ambayo tajiri akitaka kununua kampuni ya tajiri mwenziwe, wao ndio hukaa katikati wakapiga hesabu. Mshahara mnono, usingizi hakuna. Sasa kachoka. Kasikia Sacco ya Mkono kwa Mkono, ya makuli na madereva wa bandari ya Kipevu, yatafuta afisa wa mikopo. Waingia saa mbili asubuhi, watoka saa kumi na moja jioni, Jumapili ni yako. Mshahara ni robo tu, na bado kaitaka. Kwa bosi kaaga kwa uongo wa malaria. Kwa mamake hakuaga kabisa.

Tuingie ndani.

"Pita, pita, usituogope," alisema mwenyekiti, Mzee Thoya, mwendesha kreni mstaafu mwenye mabega ya mlango. "Wewe ni nambari ngapi?"

"Nne." Sauti ilimtoka kama ya kifaranga.

"Na usitaje jina!" alidakia meneja, Bwana Kioko, kalamu juu. "Hapa majina ya waombaji wote tumeyaficha. Hiyo hoja niliitoa mimi. Hakuna binamu, hakuna shemeji. Ni nambari tu, mpaka tumalize."

Kumbe! Ndiyo maana mama hakujua nani anakuja.

Mama Mwanatatu alivua miwani. Akaipangusa kwa ukaya wake wa kichwani. Akaivaa tena. Nadira bado alikuwa pale pale.

Nadira alijikaza akangoja kelele. Alimjua mamake, sauti yake ikitoka Timbwani yasikika ng'ambo. Lakini mama alikohoa kidogo, akaviunganisha vidole vyake juu ya meza, akasema kwa sauti ya mkuu wa shule:

"Keti, binti."

Binti! Mtoto wa kumzaa mwenyewe, aitwa binti kama mgeni!

Na alikuwa na sababu. Miezi mitano mizima Mama Mwanatatu amewajaza masikio Thoya na Kioko: mwanangu yuko benki kubwa, ghorofa ya kumi na saba, ukichungulia chini watu kama sisimizi. Leo aseme nini? Kwamba sisimizi mwenyewe ndiye huyu, kashuka kuomba kazi?

Nadira naye kichwa kilikuwa kinazunguka. Alijua mamake auza mahamri, mbaazi na pilau lango la Kipevu. Alijua ana chama. Nani Pwani hana mama mwenye chama? Lakini hakujua chama chenyewe ndicho hiki, tena mama ni mwanakamati. Tangu lini?

"Nambari nne," alianza Kioko. "Hapa utapata robo ya unachopata huko. Robo! Mimi sielewi. Umefukuzwa?"

"Sijafukuzwa."

"Umeiba?"

"Astaghfirullah! Sijaiba."

"Una mimba?"

"Bwana Kioko!" Mama aliruka kitini. Kisha akajishika, akajishusha polepole. "Yaani... si swali la kumuuliza mtoto wa watu."

Mzee Thoya alimwangalia Mama. Akamwangalia Nadira. Akajikuna kidevu.

"Hebu binti tueleze kwa lugha ya kwetu," alisema. "Hiyo kazi ya huko ni ya kufanya nini hasa?"

Hapo Mama Mwanatatu aliinamia mbele kuliko wote. Miaka minne ajigamba, na wallahi hakuwahi kujua anajigambia nini.

"Tuseme kampuni moja yataka kununua nyingine," alisema Nadira. "Mimi naikagua ile inayouzwa, nakadiria thamani yake, naandika kurasa mia za kumvutia mnunuzi. Akikubali, benki yapata asilimia yake."

"Ala!" Mzee Thoya aliipiga meza. "Kumbe wewe ni dalali!"

"Si dalali, mzee, ni..."

"Si wamwonyesha mtu kitu cha mtu mwingine?"

"Namwonyesha."

"Akinunua si mwala chenu?"

"Benki ndiyo..."

"Dalali! Mimi nina mpwa wangu dalali wa viwanja kule Kisauni. Tena yeye hulala mchana."

Kioko alicheka mpaka kalamu ikamponyoka. Mama Mwanatatu hakucheka. "Dalali," alinong'ona, kama mtu aliyesomewa majibu ya hospitali.

Kisha akainua kidole. "Nina swali, mwenyekiti."



"Binti, mimi huamka saa tisa za usiku, miaka ishirini. Nakanda, nakaanga, nabeba. Hakuna aliyeniuliza kama nimechoka. Wewe wakaa kitini, kwenye kiyoyozi, na bado waja hapa kutafuta kazi rahisi. Kwa nini tusiseme wewe ni mvivu tu?"

Hata feni ilikuwa kama yasikiliza.

Nadira angeweza kutoa yale majibu aliyoyakariri, ya kukuza ujuzi na kuhudumia jamii. Lakini ungemdanganyaje mtu aliyekufundisha kwamba kudanganya ni dhambi?

"Sitafuti kazi rahisi, mama," alisema. "Natafuta kazi yenye mwisho."

"Yenye mwisho vipi?"

"Mezani kwangu nina mto na miswaki miwili. Ramadhani iliyopita nilifuturu chipsi baridi mara kumi na tisa, jicho kwenye kompyuta. Mwezi jana mwenzetu alizirai ndani ya lifti. Tukampepea kwa ripoti. Alipofumbua macho tu, tukaanza kuulizana nani atamalizia kurasa zake. Na mimi ndiye niliyeuliza wa kwanza. Hapo nikajiogopa."



"Na kuhusu uvivu," aliendelea Nadira, akiangalia meza. "Mamangu pia huamka saa tisa. Auza chakula. Sijaona mtu mwenye kazi ngumu kama yake. Lakini ikifika saa nane mchana keshamaliza. Kaoga, kajipaka poda, yuko barazani na mashoga zake acheka. Sijawahi kumwona hata siku moja akipigiwa simu na hamri saa sita za usiku, ati rudi unigeuze."

Mzee Thoya alilipuka. Alicheka akashika ubavu. Kioko aliandika, "hamri halipigi simu," akapiga mstari chini yake. Na Mama Mwanatatu? Alivuta ukaya akajifunika mdomo, lakini mabega yalimtikisika.

Nadira akapumua. Mambo yanaenda!

Na hapo ndipo ilipoletwa chai.

Termosi kubwa, vikombe vinne, bakuli la sukari, kopo la tangawizi ya unga. Vikawekwa mezani. Sasa mwambie msichana wa Pwani aketi kitini kama balozi, wakubwa wake wajimiminie. Hawezi! Miguu ilimwinua Nadira kabla akili haijafika. Intavyu ilimtoka kichwani. Alimuuliza Mzee Thoya sukari ngapi, akamtilia vijiko viwili. Akamuuliza Kioko, akamtilia vitatu.

Kisha akamiminia kikombe cha tatu. Hakuuliza. Hakugusa sukari. Akatia tangawizi nusu kijiko, akakoroga, akamwaga kidogo kwenye kisahani ipoe, akainama, akampa Mama kwa mikono miwili.

"Asante, mwanangu," alisema Mama, akapuliza kisahani.

"Simama hapo hapo!" alisema Kioko.

Wote wakaganda.

"Nambari nne. Sisi umetuuliza sukari. Huyu mama hujamuuliza."

"Ee... nimesahau."

"Hukusahau. Hukumtilia. Mimi nimekaa naye kwenye kamati hii miezi mitano, na wiki jana tu nilimtilia vijiko viwili, akaniangalia kama nimempa sumu. Daktari kamkataza sukari. Wewe umejuaje?"

Nadira aligeukia termosi, akaikaza kifuniko.

"Na kisahani," alisema Mzee Thoya polepole. "Kajuaje kisahani?" Aliinama, akatazama uso wa Nadira, akageuka akatazama wa Mama. "Pua! Lahaula, pua ni ile ile!"

Mama Mwanatatu aliteremsha kisahani. Alisimama wima.

"Ni mwanangu," alisema. "Wa kumzaa. Na wallahi, mpaka alipopita mlango ule mimi najua yuko Nairobi, ghorofa ya kumi na saba."

Kioko alifumba macho. Majina kayaficha, nambari kazigawa, na bado mtoto na mamake wako meza moja wanyweshana chai! Alivuta kitabu cheusi, akalamba kidole, akafunua.

"Katiba yetu, kifungu cha kumi na tatu. Mzazi akiwa kwenye kamati, mwanawe haajiriwi. Ni mmoja tu. Mama akae mtoto aende, au mtoto aingie mama ashuke." Aliangalia saa. "Nyinyi amueni. Tukitoka kuswali adhuhuri, saa saba na nusu, nataka jibu."

* * *

Nje, kwenye varanda, kreni za Kipevu zilikuwa zainua makontena kama vijiti vya kibiriti. Mama Mwanatatu alishika kiuno.

"Ni wewe kweli, au mimi nina malaria naota?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, na usinibabaishe kwa shikamoo! Nimekusomesha kwa mahamri, Nadira. Moja moja! Ili uje ukae dirishani hapa umwambie Katana dereva fomu yake haina sahihi?"

"Mama..."

"Nimeiambia Timbwani nzima! Mama Jumwa na yule mwanawe wa bima, nimemnyamazisha miaka minne. Leo nikamwambie nini? Wangu ni dalali aliyechoka?"

"Na wewe mama mbona hukuniambia wewe ni mwanakamati?"

Hapo mama aliachia kiuno. Sauti ikawa ndogo.

"Nilikupigia."

"Lini?"

"Mwezi wa tatu, siku ya kura. Wamama wote wa chakula wa Kipevu walinipigia kura. Wa kwanza wetu kuingia kamati hii. Walinibeba juu juu, na uzito wangu huu! Nikasema, wa kwanza kujua ni mwanangu. Nilikupigia mara saba."

Nadira alitoa simu. Alirudi nyuma, mwezi baada ya mwezi. Ziko! Simu saba, zote nyekundu, zimepangana. Na chini yake meseji yake mwenyewe: *Niko mkutanoni mama ntakupigia.*

Hakupiga. Huo mkutano ulikuwa wa kuuza kiwanda cha magodoro. Na hakikuuzwa.

"Mama, nisamehe..."

Simu ikalia pale pale mkononi. Jina likawaka: BOSI CAROLINE.

"Shika," alisema mama. "Na uweke sauti nisikie."

"Nadira, sasa? Malaria imepungua?" Sauti ya Caroline ilikuwa yakimbia. "Nina dakika mbili tu. Wakubwa wamekubali. Kuanzia Jumatatu wewe ni makamu wa mkurugenzi. Mshahara mara mbili. Nataka ndiyo au hapana kabla ya saa nane leo, nikikosa jibu wanampa mtu mwingine. Uko hapo?"

Makamu wa mkurugenzi!

Nadira alimwona mamake akibadilika. Mgongo ulinyooka, macho yakawaka. Kwa mawazo ashavuka feri, ashafika Timbwani, ashabisha kwa Mama Jumwa.

"Lete nimshukuru," alisema mama.

"Mama, usi..."

Simu ishakwenda.

"Hello? Karolina, mwanangu? Mimi ni mamake Nadira. Hujambo?"

"Oh! Sijambo, mama. Nilikuwa namwambia Nadira kwamba..."

"Habari za asubuhi?"

"Nzuri. Sasa kuhusu..."

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri, mama, ila nina dakika..."

"Wazazi hawajambo?"

"Nafikiri hawajambo."

"Wafikiri?"



Nadira alimpungia mama mkono aache. Lakini nani amewahi kuikata salamu ya mama wa Likoni katikati? Ina njia yake, lazima ifike mwisho.

"Na watoto?"

"Sina, mama. Muda sina."

"Inshallah watakuja. Na mume?"

"Alikuwepo."

"Kaenda wapi?"

"Sijui vizuri. Alihama nikiwa kazini."

Mama aliiondoa simu sikioni, akaitazama, akairudisha. "Na wewe mwenyewe, umekula?"

"Nimekunywa kahawa."

"Nimeuliza kula."

"Jana nilikula... ngoja. Jana nilikula nini?"

"Na kulala walala saa ngapi?"

"Nalala mteja akilala, mama."

"Huyo mteja hana mamake?"

Kisha sauti kama ya mtu anayevuta kamasi taratibu, asisikike.

"Mama," alisema Caroline, na sauti haikuwa yakimbia tena. "Kwani mko hospitali gani?"

Nadira aliruka, akatikisa kichwa, akaomba kwa mikono miwili. Wapi!

"Hospitali ya nini? Tuko Changamwe, Sacco ya Mkono kwa Mkono, jengo la kijani nyuma ya kituo cha petroli. Nadira kaja kuomba kazi ya kutoka saa kumi na moja. Wewe uko wapi?"

"Niko... niko Nyali. Hotelini, na mteja. Tangu juzi."

"Nyali hapa hapa? Basi njoo ule. Nina pilau kwenye hotipoti."

Simu ikakatika.

Nadira aliketi chini kwenye ngazi akajifunika uso. Uongo wa Nairobi umekufa ndani, uongo wa malaria umekufa nje, na haijafika hata adhuhuri!

Mama aliketi kando yake.

"Ana miaka mingapi huyo?"

"Thelathini na minne."

"Thelathini na minne! Sauti ni ya mtu aliyezika waume watatu." Alimrudishia simu. "Na hicho cheo wanachokupa, na yeye alikipitia?"

"Ndicho alichoanzia."

Adhana ikaanza msikiti wa barabara ya pili. Mama alinyanyuka, akajipangusa buibui.

"Twende tukaswali."

Walisimama safu moja, bega kwa bega. Nadira alimaliza, akasubiri. Mama alikaa kwenye sijida ya mwisho muda mrefu, mpaka Nadira akataka kumgusa kujua kama ni mzima. Akiomba nini? Kiti chake? Cheo cha mwanawe? Nadira hakujua. Alijua tu alichoamua yeye. Mama kabebwa juu juu mara moja maishani, na yeye hakushika simu. Hatakuwa mtu wa kumshusha.

* * *

Saa saba na nusu. Kioko kafungua kitabu cha kumbukumbu, wino tayari. Mzee Thoya kakunja mikono.

"Haya," alisema. "Mmeamuaje?"

"Mimi najitoa," alisema Nadira.

"Mimi naachia kiti," alisema mamake.

Pamoja! Mdomo mmoja, neno tofauti!

Waligeukiana.

"Wewe wajitoa kwa nini?"

"Na wewe kiti waachia kwa nini? Si walikubeba?"

"Walinibeba, watanishusha! Wao hawakukaa leba usiku kucha wakikuzaa wewe."

"Sitaki kazi ya kukalia kiti chako, mama!"

"Na mimi sitaki kiti cha kukalia usingizi wako! Nimemsikia yule Karolina. Nimemsikia! Mama Jumwa aseme atakalo. Mwanangu hatauliza mtu nani atamalizia kurasa, juu ya maiti."

"Hakufa, alizirai tu."

"Usinijibu!"

"Abee, mama."

Mzee Thoya aliinua mkono. Alikuwa kasikia kitu kingine: kwaruu, kwaruu. Kalamu.

"Kioko. Waandika nini?"

"Lililosemwa, mwenyekiti. Nambari nne kajitoa. Mwanakamati Mwanatatu kajiuzulu."

"Futa."

"Haifutiki. Ni wino. Na kifungu cha tisa kinasema, kilichoingia kwenye kumbukumbu hutolewa na kikao kinachofuata."

"Kinachofuata lini?"

"Mwezi ujao."

Mzee Thoya aliwatazama mama na mwana, mmoja mmoja. "Yaani sasa hivi hatuna mwanakamati wala mfanyakazi."

"Na pilau?" aliuliza Kioko, akiinua macho kwa wasiwasi. "Pilau tutakula bado?"

Nadira alikuwa akitazama simu. Saa nane kasoro dakika sita. Kazi ya hapa kaitupa. Kiti cha mama kimekwenda bure. Kimebaki kimoja tu: mto, miswaki, ghorofa ya kumi na saba. Akiikosa na hiyo, mamake atakaa bila kiti, na yeye bila kazi. Alifungua meseji kwa Caroline. Akaandika neno moja: *Nakubali.*

Kidole kikasimama juu ya alama ya kutuma.

Mama aliliona lile neno. Aligeuza uso tu, akaanza kupanga vikombe visivyohitaji kupangwa.

Saa nane kasoro nne. Kasoro tatu.

"Hodi!"

Sauti ya kike, mlangoni. Kidole cha Nadira kikaruka.

Alisimama mwanamke wa suti ya kijivu, mkoba wa kompyuta begani, viatu vya visigino mkononi, nyayo zimejaa vumbi la Changamwe. Macho mekundu.

"Bosi!" Nadira alisimama mpaka kiti kikaanguka nyuma.

Caroline hakumtazama. Aliangalia meza, watu watatu, kitabu cha kumbukumbu, hotipoti. Akaja pole pole, akakiokota kiti kilichoanguka, kile cha waombaji kazi, akaketi juu yake.

"Karibu, mwanangu," alisema Mama Mwanatatu, kama aliyekuwa akimngoja tangu zamani. "Nadira! Mtilie mgeni chai."

"Abee, mama."

Afanyeje? Alishika termosi. "Vijiko vingapi?"

"Vinne."

Caroline aliinywa kama maji, mpaka mwisho, macho kafumba. Simu yake ililia mkobani. Ikalia tena. Ya tatu aliitoa, akaitazama, akaizima kabisa. Nadira hakuwahi kuiona ile simu ikiwa nyeusi.

Kisha Caroline akamgeukia Kioko.

"Ile kazi ya kutoka saa kumi na moja," alisema. "Imeshapata mtu?"

Kioko alimtazama Mzee Thoya. Mzee Thoya alimtazama Mama. Mama alimtazama Nadira, na Nadira alisimama pale, termosi mkono huu, simu mkono huu, *Nakubali* lawaka kwenye kioo halijatumwa, saa nane kasoro moja.

Kioko alilamba kidole. Akafunua ukurasa mpya.

"Kwa mujibu wa kumbukumbu," alisema, "iko wazi. Wewe utakuwa nambari tano. Na tafadhali, usitaje jina."